Kompyuta Inapogoma Kuwaka Baada ya Kiini Chake Kusasishwa

Chukulia mfano wa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari huko Chiungutwa, wilayani Masasi. Ni juma la mwisho la muhula. Ndani ya kompyuta yake mpakato zimo alama za upimaji endelevu za vidato vyote vinne, nazo hazijachapishwa wala kunakiliwa mahali pengine. Kompyuta hiyo ni ya mtumba. Betri yake imechoka na haihimili dakika tano bila waya wa umeme. Mfumo endeshi wake ni Ubuntu, mmoja katika jamii ya mifumo ya Linux. Jioni mwalimu anaiunganisha na intaneti ya simu yake ili apeleke barua ofisi ya elimu. Kidirisha kinatokea kumwarifu kwamba yapo masasisho yanayosubiri. Anakubali, kisha anatoka kwenda kusimamia chakula cha jioni bwenini. Kazi ikiwa inakaribia kwisha, umeme unakatika.

Asubuhi anabonyeza kitufe cha kuwashia. Nembo ya kiwanda inaonekana kama siku zote. Halafu skrini inakuwa nyeusi, mistari ya maandishi meupe inapita mbio, na yote yanasimama kwenye sentensi moja ya Kiingereza inayoanza na maneno "Kernel panic". Taa ndogo ya kibodi inamemeta. Anazima, anawasha tena. Ni yale yale.

Anapanda bodaboda hadi Masasi mjini. Fundi anaitazama skrini kwa muda mfupi tu.

"Mwalimu, hii dawa yake ni kupiga windo upya."

"Na mafaili yangu, fundi?"

"Mafaili hapo ndiyo basi tena, mwalimu."

Kupiga windo, katika lugha ya vijiwe vya mafundi, ni kufuta kila kilichomo kwenye diski na kuweka mfumo endeshi mpya, uwe wa Windows au mwingine wowote. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili na kompyuta hutoka ikiwaka vizuri. Ndiyo maana ushauri huo hupendwa. Lakini katika hali iliyoelezwa hapa ni ushauri wa hasara, kwa sababu alama za wanafunzi zingali mahali pake diskini, hazijaguswa. Kilichoharibika ni faili moja au mawili ya kuwashia, na pembeni yake lipo toleo la zamani lililo zima, linalosubiri kuitwa. Ili kuelewa jambo hilo hapana budi kufahamu kompyuta hufanya nini katika zile sekunde chache kati ya kubonyeza kitufe na kuona skrini ya kuingilia.

Kiini na ganda

Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazoiwezesha kompyuta kutumika: kupokea herufi kutoka kwenye kibodi, kuandika kwenye diski, kuonyesha picha kwenye skrini, na kugawa kumbukumbu baina ya programu nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Katikati ya jumla hiyo ipo programu moja yenye mamlaka kuliko zote, nayo huitwa kerneli. Asili ya jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya kiini cha kokwa. Mkazi wa Masasi au Newala hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana korosho ikishabanguliwa, ganda lenye mafuta makali huwekwa kando na kinachobaki mkononi ndicho kiini. Wataalamu wa mfumo wa Unix, uliobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, waliiendeleza picha hiyo hiyo: programu ya nje inayopokea amri za mtumiaji huitwa ganda.

Kerneli ndiyo yenye ruhusa ya kuvitawala vifaa vya kompyuta. Programu ya kuandikia barua haiandiki diskini yenyewe. Huiomba kerneli iandike kwa niaba yake. Kwa hiyo programu ya barua ikikosea, hufungwa peke yake na nyingine huendelea. Kerneli ikikosea, hakuna wa kuendelea. Inapogundua kwamba imefika mahali ambapo kusonga mbele kunaweza kuharibu kumbukumbu zilizomo diskini, au kwamba imekosa kitu isichoweza kufanya kazi bila hicho, kerneli hujisimamisha kwa makusudi na kuandika sababu kwenye skrini. Maneno yale yaliyomtisha mwalimu wa Chiungutwa maana yake ni hiyo. Ni tahadhari, wala si taarifa ya msiba.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya kerneli hiyo, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lililo ndugu wa neno la Kiswahili "utu". Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa kutafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili, zikapewa jina la Jambo OpenOffice. Kwa bahati mbaya tafsiri haikufika hadi ndani ya kiini. Kerneli hulalamika kwa Kiingereza peke yake, na Kiingereza chenyewe ni cha mkato. Jambo hilo limewafanya watu wengi kuzima kompyuta kabla ya kusoma kilichoandikwa.

Safari ya kuwaka

Kompyuta haiwezi kufanya jambo lolote bila maagizo. Maagizo yamo diskini. Kusoma diski nako ni jambo linalohitaji maagizo. Katika kompyuta za awali tatizo hilo lilitatuliwa kwa vidole vya binadamu: mwenye kompyuta ndogo ya Altair 8800, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1975, alilazimika kupandisha na kushusha swichi za usoni mwa mashine, moja baada ya nyingine, ili kuiingizia maagizo mafupi ya kwanza kila alipoiwasha. Siku hizi maagizo hayo ya kwanza yamehifadhiwa ndani ya chipu iliyoko kwenye ubao mama, na hayapotei umeme unapozimwa.

Kutoka hapo kazi hupokezanwa kwa hatua. Wenyeji wa uwanda wa juu wa Makonde wanao mfano mzuri wa mpangilio wa namna hiyo. Udongo wa juu kule hunyonya mvua upesi, na mito ya kudumu haipo; maji ya mradi wa Makonde hutoka Mitema, katika bonde la Kitangari, yakasukumwa kwa pampu kupanda hadi kwenye matangi, na kutoka kwenye matangi yakateremka kwa mabomba hadi vijijini. Bomba la kijijini likikauka, chanzo kinaweza kuwa pampu, au tangi, au mpasuko wa bomba njiani, au koki yenyewe. Fundi wa maji mwenye busara haanzi kwa kung'oa koki. Huuliza kwanza maji yamefika wapi.

Katika kompyuta yenye Linux maji hayo hupita vituo vinne. Kituo cha kwanza ni programu ya kwenye chipu, inayojulikana kwa majina ya BIOS au UEFI. Hii huhakikisha kwamba kumbukumbu, kibodi na diski vipo, ikaonyesha nembo ya kiwanda, kisha ikatafuta diskini programu ya kituo cha pili. Kituo cha pili ni kipakizi, ambacho katika Ubuntu huitwa GRUB. Kazi ya kipakizi ni kuchukua faili mbili kutoka diskini na kuzipandisha kwenye kumbukumbu ya muda. Ya kwanza ni kerneli yenyewe. Ya pili hapa itaitwa furushi.

Furushi lahitaji maelezo zaidi, kwa sababu matatizo mengi hutokea kwake. Kerneli ikishaamka inatakiwa kuifungua diski kuu ili kupata sehemu iliyobaki ya mfumo. Lakini diski ziko za aina nyingi, na kila aina huhitaji kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho. Viendeshi vingi kati ya hivyo vimehifadhiwa kwenye diski ile ile isiyofunguka. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ili kuondoa mkwamo huo, wakati wa kusasisha mfumo hutengeneza faili dogo lenye viendeshi vichache vya lazima, na kerneli huanza safari ikiwa nalo mkononi, mithili ya msafiri aliyefungiwa chakula cha njiani. Kila toleo la kerneli lina furushi lake. La toleo moja halifai kwa jingine.

Kituo cha tatu basi ni kerneli kuamka, kutambua vifaa, kulifungua furushi na kwa msaada wake kuifikia diski kuu. Kituo cha nne ni kuanzishwa kwa programu ya kwanza ya kawaida, ambayo nayo huanzisha nyingine zote hadi skrini ya kuingilia itokee.

Kwa nini kiini hubadilishwa

Mtu anaweza kuuliza: kama kusasisha kerneli huleta balaa, si bora kuiacha ilivyo? Jibu lipo katika tukio la mwezi Januari 2018. Tarehe 3 ya mwezi huo ulimwengu ulitangaziwa kasoro iliyopewa jina la Meltdown, iliyokuwamo ndani ya prosesa nyingi za kampuni ya Intel zilizotengenezwa kwa miaka mingi. Kasoro hiyo iliwezesha programu ya kawaida kuchungulia kumbukumbu ya kerneli, mahali panapopita maneno ya siri na mambo mengine yasiyostahili kuonwa. Prosesa iliyokwisha kuuzwa haiwezi kuchongwa upya. Njia ya haraka iliyobaki ilikuwa kubadilisha kerneli ili itenge kumbukumbu yake kwa ukuta mnene zaidi.

Ubuntu ilitoa kerneli mpya tarehe 9 Januari. Kwa waliokuwa wakitumia toleo la 16.04, namba ya kerneli hiyo ilikuwa 4.4.0-108, na baadhi ya kompyuta zilizoipokea hazikuwaka tena. Siku iliyofuata, tarehe 10, ilitolewa 4.4.0-109 iliyorekebisha kosa. Wakati huo huo kampuni ya Microsoft ililazimika kusimamisha sasisho lake la Windows kwa baadhi ya kompyuta zenye prosesa za zamani za AMD, kwa kuwa nazo zilikuwa zikigoma kuwaka. Haraka ilikuwa na sababu, na madhara yake yalikuwa dhahiri.

La kuzingatiwa zaidi ni namna watumiaji wa Ubuntu walivyojinasua kabla ya 4.4.0-109 kufika. Walichagua kerneli ya zamani kwenye orodha ya GRUB, wakaendelea na kazi. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu Ubuntu haitupi kerneli ya zamani inapoleta mpya. Huiweka mpya pembeni yake, kila moja na namba yake, ikaiandika mpya kuwa ya kwanza kwenye orodha. Kwa kawaida zinakuwapo mbili au zaidi. Mafaili ya mwenye kompyuta yanakaa mahali pengine kabisa, na usasishaji wa kerneli hauna shughuli nayo.

Kusoma dalili

Swali la kwanza, kama kwa maji ya Makonde, ni: safari imefika wapi?

Ikiwa hata nembo ya kiwanda haionekani, feni haizunguki, au mashine inalia mlio wa kukatizwa, tatizo liko kituo cha kwanza. Kwa kawaida hilo si la kerneli. Inaweza kuwa chaja, betri, au kadi ya kumbukumbu iliyolegea. Mara nyingi watu huulaumu usasishaji kwa sababu tu ndilo tukio la mwisho wanalolikumbuka.

Ikiwa nembo inapita na skrini inasema hakuna kifaa cha kuwashia, au yanatokea maneno "grub rescue", kipakizi ndicho kilichopotea au hakipati mafaili yake. Kuna aina moja ya hali hii iliyowakumba wengi mwezi Agosti 2024, kwenye kompyuta zenye Windows na Linux pamoja. Sasisho la Windows la tarehe 13 mwezi huo liliwekea vikwazo vipakizi vya zamani, na baadhi ya mashine zikakataa kuwasha Linux, zikiandika kwamba kuna uvunjaji wa kanuni ya usalama. Linux yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokataa ni mlinzi wa mlangoni, yaani kipengele cha UEFI kiitwacho Secure Boot, na kwa kukizima kwa muda watu waliweza kuingia na kurekebisha.

Ikiwa GRUB imepita na kerneli ikasimama ikilalamika kwamba haiwezi kuifungua diski ya msingi, na ndani ya sentensi kuna maneno "unable to mount root fs", hapo mashaka yote yaelekezwe kwenye furushi. Halipo, au lipo nusu. Ndiyo hali ya mwalimu wa mfano huu: kerneli mpya imeshaandikwa kwenye orodha, lakini umeme ulikatika kabla furushi lake halijafika diskini lote. Betri nzima ingeokoa jahazi. Betri iliyokufa huifanya kompyuta mpakato kuwa dhaifu sawa na ya mezani.

Sababu ya pili ya furushi kuwa nusu ni ukosefu wa nafasi. Katika kompyuta nyingine, hasa zile ambazo diski yake imefungwa kwa neno la siri, mafaili ya kuwashia hutengewa chumba chao kidogo kiitwacho /boot, chenye megabaiti mia kadhaa tu. Kerneli moja na furushi lake huweza kula zaidi ya megabaiti mia. Kerneli tatu nne za zamani zikiachwa humo, mpya hukosa mahali pa kulala. Ajabu ni kwamba diski kuu inaweza kuwa na nafasi tele wakati chumba hicho kimejaa pomoni, na mwenye kompyuta asielewe kinacholalamikiwa ni nini.

Skrini ikisimama kwenye neno "(initramfs)" na mshale unaosubiri amri, furushi limefunguka lakini diski haikukubali kufunguliwa. Mara nyingi mfumo wa mafaili umeachwa wazi kwa kukatika umeme na unahitaji kukaguliwa. Skrini yenyewe hutaja sehemu ya diski inayohusika na kuagiza amri ya fsck iandikwe kwa mkono. Hapa tahadhari inahitajika. Ikiwa diski ni kuukuu na imekuwa ikitoa mlio usio wa kawaida, mafaili yanakiliwe kwanza kwa njia itakayoelezwa hapa chini, ukaguzi ufuate baadaye.

Mwisho ipo hali ya skrini kubaki nyeusi ingawa mashine inaonekana kufanya kazi, diski inasomwa na hata sauti ya kukaribisha inasikika. Kompyuta imewaka, haioni uso wake. Kiendeshi cha picha hakijapatana na kerneli mpya, jambo ambalo huzipata zaidi kompyuta zenye kadi za NVIDIA, kwa kuwa kiendeshi chake hutengenezwa nje ya kerneli na lazima kijengwe upya kwa kila toleo. Vivyo hivyo, kompyuta inaweza kuwaka vizuri ikakosa intaneti isiyo na waya tu.

Kuirudisha kazini

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Kompyuta inazimwa kabisa, inawashwa, na mara nembo ya kiwanda inapotokea kitufe cha Esc kinabonyezwa mara moja moja. Katika mashine za zamani zenye BIOS hushikiliwa kitufe cha Shift. Orodha ya GRUB inatokea. Mstari wa pili, ulioandikwa "Advanced options for Ubuntu", hufungua orodha ya kerneli zote zilizomo, kila moja na namba yake. Inachaguliwa yenye namba ndogo kuliko ya juu kabisa. Katika hali nyingi kompyuta huwaka hapo hapo, na mwalimu wa Chiungutwa anaziona alama zake kama alivyoziacha.

Kabla ya jambo lingine lolote, alama hizo zinakiliwe kwenye flashi. Watu wengi huruka hatua hii kwa furaha ya kuona skrini imerudi.

Baada ya hapo hufunguliwa ganda, yaani dirisha la kuandikia amri. Amri "uname -r" hutaja namba ya kerneli inayofanya kazi sasa. Amri "df -h /boot" huonyesha nafasi iliyobaki mahali mafaili ya kuwashia yanapokaa. Ikiwa pamejaa, amri "sudo apt autoremove" huondoa kerneli za zamani zisizohitajika, na kwa busara iliyojengwa ndani yake haiondoi ile inayotumika wakati huo. Kufuta mafaili ya /boot kwa mkono, kwa kukisia, ni hatari; wapo waliofuta kiini walichokuwa wamekikalia.

Nafasi ikishapatikana, usasishaji uliokatizwa humaliziwa kwa amri "sudo dpkg --configure -a". Kompyuta hukumbuka ilipoishia. Ikiwa furushi la kerneli mpya bado halijakaa sawa, hutengenezwa upya kwa "sudo update-initramfs -c -k" ikifuatiwa na namba kamili ya kerneli hiyo, na kisha orodha ya GRUB huandikwa upya kwa "sudo update-grub". Kazi hizi zote zifanywe waya wa umeme ukiwa umechomekwa, au wakati wa jua kwa shule inayotumia sola. Hazihitaji intaneti, isipokuwa kama faili la kerneli lenyewe limeharibika na linahitaji kupakuliwa tena.

Kwa skrini nyeusi, kipo kitendo kidogo cha kujaribu. Kwenye orodha ya GRUB herufi e inabonyezwa, mstari unaoanza na neno linux unatafutwa, na mwishoni mwake linaongezwa neno nomodeset; kisha kitufe cha F10 kinabonyezwa. Neno hilo huiambia kerneli isijishughulishe na ufundi wa kadi ya picha. Picha zitakuwa za kawaida tu, lakini zitaonekana. Badiliko hilo ni la mara hiyo moja. Kuwasha kunakofuata hulisahau.

Na ikiwa kerneli zote zilizomo zimegoma? Bado diski haijafutwa. Ubuntu inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi bila kugusa diski ya ndani, kwa kuchagua kuijaribu badala ya kuisimika. Mfumo wa kwenye flashi ukishawaka, diski ya ndani huonekana kama flashi nyingine yoyote, na folda ya alama hunakiliwa. Kwa diski iliyofungwa, neno lake la siri litaulizwa. Flashi kama hiyo hutengenezwa mara moja kwa kompyuta iliyo nzima. Kupakua faili lake la gigabaiti kadhaa kwa bando la simu ni gharama kubwa, kwa hiyo ni nafuu shule moja ipakue na nyingine zinakili kwake. Flashi hiyo ikae kwenye kabati la ofisi ya taaluma, ikiwa imeandikwa jina.

Kwa wenye Windows

Walimu wengi wanatumia Windows, na mambo yaliyoelezwa hayako mbali nao. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa kwa programu yake, ambayo sehemu yake hufanya kazi ndani ya kerneli ya Windows. Kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilianguka zikaonyesha skrini ya bluu, nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Ndege zilikwama na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Dawa haikuwa kupiga windo. Ilitosha kuiwasha kompyuta katika hali ya usalama, ile ambayo viendeshi vya lazima tu ndivyo huamshwa, na kufuta faili moja. Kilichowachelewesha mafundi ni kwamba kompyuta ziliguswa moja moja kwa mkono, na zile ambazo diski zake zilifungwa kwa BitLocker zilidai ufunguo wenye tarakimu 48. Aliyekuwa hajauandika ufunguo huo mahali alikuwa na shida kubwa kuliko kosa lenyewe.

Zoezi kwa klabu ya kompyuta

Zoezi hili lifanywe kwenye kompyuta yenye Ubuntu iliyo nzima, isiyo na mafaili ya ofisi. Wanafunzi waiwashe kama kawaida, waandike daftarini jibu la "uname -r". Waizime, waiwashe tena wakifungua orodha ya GRUB, wachague kerneli ya zamani, na waandike jibu la amri ile ile mara ya pili. Kisha kwa amri "ls -lh /boot" waorodheshe mafaili yote ya kuwashia pamoja na ukubwa wake, wayapange wawili wawili, kerneli na furushi lake, na wakadirie kutokana na hesabu hiyo ni kerneli ngapi zinazoweza kukaa katika chumba cha megabaiti 500. Ikiwa kompyuta ina kerneli moja tu, sababu yake itafutwe: huenda haijawahi kusasishwa tangu ilipofika shuleni.